Dirisha la Gari la Mikate

Gari lenyewe lilikuwa la kubebea mikate. Mwenye tanuri mmoja wa Malindi alilileta kwenye gereji ya mume wangu pale Garsen, akaliacha miezi kadhaa, kisha akaja siku moja amechoka na biashara yote, akasema, "Fundi, likikufaa lichukue. Mimi narudi kwetu kulima." Nyuma lilikuwa sanduku la bati tupu, refu, halina dirisha hata moja la kutazama nje ila vijitundu vya kutolea mvuke karibu na paa. Ndani mlikuwa na reli za kuwekea trei, na harufu ya mkate ambayo haikutoka hata baada ya kuoshwa kwa sabuni mara nne. Sisimizi wa Garsen nzima walilijua gari lile.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mafuriko makubwa yalikuwa yamekuja na kupita, yakaondoka na nyumba ya mama yangu kule Idsowe, mlango, kuta na kinu cha kutwangia, naye akahamia kwetu. Nilifurahi kuwa naye. Lakini anayetaka kujua heshima ni nini, na akae nyumba moja na mama yake mzazi pamoja na mume wake. Kwetu, watu wa mto, mama mkwe na mkwewe huheshimiana hadi inakaribia kuwa hofu. Hawali sahani moja, hawaongei kwa kirefu, na mama mkwe hamwombi mkwewe kitu kwa mdomo wake. Mama alipotaka chumvi aliniambia mimi. Mume wangu alipotaka kujua kama mama amelala vizuri, aliniuliza mimi, na mama yuko pale pale anasikia. Nilikuwa napeleka maneno hatua mbili kwenda na hatua mbili kurudi, kutwa nzima.

Mama alikuwa anapoteza macho. Daktari wa macho kule Mombasa alisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki ni cha kuhesabu kwa miezi. Alitupa dawa ya matone, akasema tumlinde na vumbi. Mama mwenyewe alieleza hali yake vizuri kuliko daktari. Alisema ni kama anachungulia ndani ya bua la jani la mpapai: katikati anaona sawasawa, pembeni hakuna kitu. Alikuwa akinitafuta chumbani kwa kuzungusha kichwa pole pole mpaka uso wangu uingie kwenye lile bua, kisha anatabasamu.

Tulipotoka hospitali hakulia. Alisema neno moja tu, tukiwa tumesimama barabarani. "Nataka nimwone mdogo wangu kabla giza halijanifika."

Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, aliolewa na mfugaji wa Kiorma kabla mimi sijazaliwa, akafuata ng'ombe kaskazini mpaka Bangale. Babu yangu, ambaye alikuwa mchonga mitumbwi pale Wenje, alikasirika akasema jina la binti huyo lisitajwe nyumbani kwake. Babu alipokufa hasira zilizikwa naye, lakini umbali ulibaki. Miaka zaidi ya thelathini dada wawili walijuliana hali kupitia madereva wa malori ya ng'ombe. Dereva alishuka Garsen, akanywa chai, akasema, "Mama wa Bangale mzima, anasalimu." Mama naye akasema, "Mwambie mimi mzima, namsalimu." Basi, ndiyo barua yenyewe.

Kiuno cha mama hakikuweza kuketi kwenye basi kwa njia ile, na njia yenyewe ilikuwa ya siku tatu au nne kwa mwendo wa kutomchosha. Ndipo mume wangu akalitazama gari la mikate, akasema, "Tulitie kitanda. Tulitie jiko. Likizo ya Agosti twende naye amelala." Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo kwake yalikuwa hotuba. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, mama asisikie, kwamba hii ndiyo fungate yetu iliyochelewa miaka mitatu, na mama mkwe ndani yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mimi ni mtu wa orodha na wa hasira za karibu. Niliandika orodha kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani, nikawa nampima kila mtu kwayo. Madumu mawili ya maji, yafungwe kwa kamba. Jiko la makaa, lining'inie kwa mnyororo lisipinduke. Chandarua. Unga, sukari, majani ya chai, kambare wa kukaushwa, mkungu wa ndizi. Mlango wa nyuma ufunguke kwa chini uwe meza. Kuta zivalishwe magunia ndani, bati lisichome. Na juu ya yote, kwa herufi kubwa, nimepiga mstari mara mbili: VUMBI LISIINGIE.

Kazi ya seremala ilishikwa na mjomba, kaka yao akina mama, ambaye alirithi tezo ya babu, kishoka cha kuchongea, na bado alikuwa akichonga mitumbwi Idsowe. Mjomba hakuwahi kutengeneza kitanda maishani mwake. Alikuja na mbao za mwembe, akalizunguka gari, akaligonga ubavuni kwa vidole na kulisikiliza, kama anavyogonga gogo. Alipima kwa pima za mikono yake, akakataa futi ya mume wangu katakata. Kitanda alikiegemeza kwenye reli za trei, kikakaa imara kuliko chochote nilichonunua maishani, na ncha zake mbili zikapanda juu kidogo kama mtumbwi, hakuweza kujizuia. Chini yake tulipata mahali pa kuweka chakula na nguo.

Kisha akaviona vile vijitundu vya mvuke. Mchonga mitumbwi akiona tundu hapati usingizi. Alichovya sufi kwenye lami, akaishindilia kwa patasi, tundu moja moja, kama anavyotia kalafati kwenye ufa wa mtumbwi. Alipomaliza ya juu akaingia chini ya gari, akaziba kila mahali bati lilipokutana na bati. Alitoka mweusi uso mzima, anacheka. "Mwalimu," aliniambia, "hata mto ukipanda tena, hiki chombo hakinywi tone."

Nilimsifu sana. Niliweka alama ya vyema kwenye orodha yangu, pale kwenye vumbi. Usisahau tulikuwa tumetoka kwenye mafuriko. Kitu kisichopitisha maji kilitupendeza macho sisi sote.

Siku chache kabla ya safari nilikuwa naosha gari kwa nje, nikakuta mtu amechora mstatili kwa chaki ubavuni, usawa wa kifua changu. Nikasema watoto wa shule wamenifuata mpaka nyumbani. Nikaufuta kwa kitambaa.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akituuzia maziwa. Wao nyumba hujengwa na wanawake: fito zilizopindwa, juu yake mikeka na nyasi, na zamani wakihama huifungua nyumba yote na kuipakia juu ya mnyama. Kwa hiyo huyu jirani alijiona mtaalamu wa nyumba zinazosafiri, na hakukosea. Alikuja jioni moja na maziwa yake, akavua viatu, akaingia garini bila kuulizwa, akajilaza kwenye kitanda cha mama, akaniambia, "Funga mlango."

Nikafunga. Alikaa humo ndani kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha akagonga, nikafungua.

"Kitanda mzuri," alisema. "Lakini mwalimu, nyumba gani hii haina mahali ya upepo? Mama yako naenda kuona, ama naenda kubebwa?"

Nilipandwa na hasira papo hapo. Nilimweleza habari za daktari, za vumbi, za dawa ya matone. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasa la tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kibuyu chake cha maziwa.

"Vumbi naosha na maji," alisema. "Giza utaosha na nini?"

Akaenda zake. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni na amesikia kila neno. Nilimtazama aniunge mkono, naye akasema tu, "Kitanda ni kizuri sana, mwanangu. Mshukuru mkwe wangu." Mume wangu alikuwa hatua tano kutoka pale, anapaka magurudumu rangi ambayo haikuwa kwenye orodha. Hakuinua kichwa.

Asubuhi ya kuondoka yule jirani alirudi na mkeka mdogo, mpya, umesukwa kwa mikono yake. Ulikuwa mfupi, haufai kukalia wala kulalia, una kamba mbili upande mmoja na mbili upande wa pili. Nikauliza ni wa nini. "Weka tu," alisema. "Itafanya kazi." Nilipokea kwa shukrani ya mdomo, nikausukuma chini ya kitanda, nyuma ya madumu.

Njia ya kwenda Hola miaka ile haikuwa ya mchezo. Tulisafiri mchana tu, nyuma ya malori, na wakati mwingine askari walituweka katikati ya msafara. Mimi na mume wangu tulikaa mbele, mjomba, aliyekuwa anatusindikiza hadi Wenje, alijibana katikati yetu na tezo yake magotini. Mama alilala nyuma kama malkia. Kulikuwa na kijidirisha cha wavu kati ya mbele na nyuma, cha upana wa kiganja; migongo yetu iliziba mwanga, lakini kupitia hapo tulisikia sauti yake.

"Hapa ni wapi?"

"Bado hatujafika popote, mama. Lala."

Baada ya muda tena. "Sasa je? Hapa ni wapi?"

Nilijibu vizuri mara ya kwanza na ya pili. Mara ya sita nilijibu kwa ufupi. Mjomba alikuwa anasinzia. Mume wangu aliendesha ameuma midomo, nikadhani ni mashimo.

"Mwanangu," sauti ikaja, "ile mikoma ya kabla ya kufika kwetu bado iko? Ile iliyosimama pamoja kushoto?"

"Ipo, mama. Tumeipita sasa hivi."

"Mingapi?"

Sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nimeona kitu kama minazi, nikakisemea ili aridhike. Nilitafuta neno la kusema, nikakuta sina, na yeye hakuuliza tena mpaka tunafika Wenje.

Tulipofungua mlango wa nyuma, mwanga ulimpiga usoni akafunika macho kwa kanga. Alikaa hivyo ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka mpaka kwenye kiuno cha nguo, muda mrefu, kabla hajaweza kuyafungua. Wenje ndipo alipozaliwa. Jamaa walikuwa wamesimama wanamngoja awaone, naye anazungusha kichwa pole pole anawatafuta, na macho yake yametoka kwenye giza kabisa hayajazoea mchana. Aliniita karibu, akaninong'oneza, hakutaka jamaa wasikie. "Mwanangu, humo ndani nimejifunza itakavyokuwa. Si vibaya kujua mapema."

Alisema kwa upole, wala hakuwa ananilaumu, na ndiyo sababu yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Mwanamke ana miezi ya kuona imebaki mikononi, nami nimemchukua nikamfungia ndani ya bati kwa jina la kumlinda macho. Nilitoka pale nimeshika kichwa. Nilimkuta mume wangu nyuma ya gari, na sikusema habari ndefu.

"Kata dirisha," nilimwambia.

Alikuwa ameshashika tindo na nyundo. Mfukoni alitoa chaki. Akachora mstatili ubavuni, usawa wa kifua changu, pale pale nilipoufuta kule Garsen. Nilimtazama. Hapo ndipo nilipoelewa watoto wa shule walikuwa nani.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza, na hasira zangu, kwa kukosa pa kwenda, zikamwendea yeye.

"Ningesemaje?" alisema. "Mama mkwe amelala, mimi namkatia tundu watu wamwone alivyolala? Nikachora, nikasema akiupenda utaniambia. Kesho yake nikaona umefutwa. Nikajua hataki."

Nikakimbia kwa mama. "Mama, wewe ulitaka dirisha?"

"Nilitaka," alisema. "Lakini gari ni la mkwe wangu. Nitamwambiaje mkwe atoboe gari lake kwa ajili yangu?"

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa heshima ya mwenzake, na kila mmoja alikuwa anangoja mimi nipeleke maneno. Ndiyo kazi pekee niliyopewa katika nyumba ile na ndiyo niliyoshindwa, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na orodha. Nililia pale mbele ya jamaa wa Wenje wote, kisha nikacheka, kisha nikamwambia mume wangu agonge kwa nguvu.

Aliyepata taabu zaidi ni mjomba. Kumwona mtu anatoboa chombo alichokitia kalafati kwa mikono yake kulimuuma kweli kweli. Alisimama mbali amekunja mikono, anasema, "Mnatoboa? Mnatoboa kweli?" Bati lilipofunguka, kingo zake zikawa kali kama wembe. Mjomba alisonga, akapitisha kidole, akatikisa kichwa, akasema ataukata mkono wa dada yake. Akaenda kwenye kitanda, akaipunguza ile ncha iliyopanda upande wa miguu, na kutokana na mbao hiyo akachonga fremu ya dirisha. Alifanya kazi mpaka kivuli cha gari kikawa kirefu. Fremu ilikaa bila msumari hata mmoja. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akapanda juu ya gurudumu akatoa sufi yake kwenye vijitundu vya mvuke, kimoja kimoja. "Haya," alisema, "hiki hakiendi majini."

"Sasa leteni ule mkeka wa mama wa maziwa," mama alisema kutoka ndani.

Nikautoa nyuma ya madumu. Kamba mbili za juu zilifika kwenye pembe za fremu kama zilizopimwa. Mkeka ukishuka, vumbi linabaki nje. Ukikunjwa na kufungwa kwa kamba za chini, upepo na mwanga vinaingia. Ndivyo wafanyavyo kwenye nyumba zao upande wa upepo. Yule jirani alikuwa amesuka mkeka wa dirisha ambalo halijakatwa, akatupa tusafiri nao, akatuachia wenyewe kazi ya kuwa na akili.

Kesho yake asubuhi tulikunywa chai kwenye mlango wa nyuma uliokuwa meza. Tulipaswa kushika njia ya kaskazini, kwenda Hola. Mume wangu aliwasha gari, akafika barabarani, akakata kona kuelekea Garsen tulikotoka. Nilifungua mdomo. Akaniangalia mara moja, nikaufunga. Tulirudi nyuma karibu saa nzima, mafuta yanateketea, mpaka kwenye mikoma. Akasimamisha gari ubavu wa dirisha ukielekea miti, akazima, akashuka, akaenda kusimama mbali na kuipa mgongo sehemu ile, ili mama mkwe atazame kwa nafasi yake.

Nilihamia nyuma, nikaketi karibu na miguu ya mama. Alikunja mkeka mwenyewe, akaufunga. Aliweka kidevu kwenye mbao ya mjomba, akaanza kuipitisha ile mikoma kwenye bua lake, mmoja baada ya mwingine, kuanzia shina mpaka kwenye vichwa vilivyogawanyika. Alikaa hapo muda mrefu. Namshukuru mume wangu kwa mambo mengi, lakini nikiulizwa ni siku gani nilijua nimeolewa na nani, nitasema ni asubuhi ile, alipotugeuzia mgongo kando ya barabara.

Safari iliyobaki ilikuwa nzuri kuliko tulivyostahili. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi nikiwa mwalimu sikuona haya kubisha kwa walinzi wa shule njiani na kuomba kulala uwanjani. Walituruhusu Hola, walituruhusu Bura, na mlinzi mmoja alituletea tikitimaji lake mwenyewe. Tulipika ugali na kambare nyuma ya gari. Mama alikuwa na kazi sasa. Mkeka ukishuka alikuwa anapumzika, ukipanda alikuwa anatuambia anachoona: twiga watatu, mwanamke na punda, mto umeng'aa mara moja kisha umejificha, duka limepakwa rangi ya kijani ambayo hakuipenda. Sisi mbele tulioona kila kitu tulikuwa hatuoni chochote mpaka aseme yeye.

Hakuuliza tena hapa ni wapi.

Tulifika Bangale siku ya nne, jua likiwa bado juu. Aliyetupokea ni mtoto mkubwa wa mama mdogo, mtu mzima mwenye ndevu, aliyetuita wageni wa mama yake na kutuongoza mpaka kwenye boma. Mama alikuwa amevaa kanga mpya tangu asubuhi. Nilimshika mkono akashuka. Kutoka kwenye nyumba moja ya mikeka alitoka mwanamke mwembamba, amejifunika shela, anatembea haraka, mkono mmoja umeshika kamba iliyofungwa kutoka kwenye fito ya nyumba mpaka kwenye zizi la mbuzi. Kamba ilipokwisha alisimama.

Hatua mbili tu zilikuwa kati yao. Mama alizungusha kichwa anamtafuta. Na mwenzake naye alikuwa amegeuza uso pembeni kidogo, anamtafuta kwa sikio.

Alikuwa kipofu. Miaka saba, mtoto wake alituambia. Madereva walikuwa wanasema mzima, kwa sababu ndivyo alivyowaagiza, kama mama alivyowaagiza wao waseme mzima. Hakuna aliyetaka kumhuzunisha mwenzake.

Mama alimpata katika lile bua lake. Nilimwona amempata, kwa sababu kichwa kilisimama. "Nimekuja kukuona," alisema kwa Kipokomo. "Macho yangu yanakwisha. Nimekuja kukuona kabla."

Mama mdogo alinyoosha mikono, akaushika uso wa dada yake, akaupapasa kuanzia kwenye paji mpaka kwenye kidevu. Kipokomo chake kilikuwa kimechanganyika na Kiorma cha miaka thelathini na kitu, lakini tulimwelewa sote.

"Dada," alisema, "mimi nimeshatangulia. Huko si kubaya sana. Usiogope."

Sikuwahi kumwona mama akilia kwa ajili ya macho yake mpaka pale, na alilia kwa furaha na kwa uchungu kwa pamoja, akiegemea kifua cha mdogo wake kana kwamba yeye ndiye aliyezaliwa nyuma.

Tulikaa Bangale wiki nzima. Siku ya pili mama mdogo alitaka kulijua gari lililomletea dada yake. Alilipapasa lote, akanusa, akasema, "Mkate!" Alipanda kitandani, akalipata dirisha kwa vidole, akaupapasa ule mkeka na mafundo yake, akataja papo hapo kwamba umesukwa na mwanamke wa Kiorma wa upande wa mtoni. Kisha akapapasa fremu. Alipofika kwenye alama za tezo mkono wake ulisimama.

"Hii ni tezo ya baba," alisema.

"Ndiyo," mama alimwambia. "Kaka ndiye anayeishika."

Walilala hapo wawili, kichwa kwa kichwa, mkeka umekunjwa. Mimi nilikuwa nje naosha sufuria, nikawasikia.

"Dada, niambie kwetu. Ile mikoma tuliyokuwa tunaokota makoma bado iko?"

Nikaacha kuosha.

"Ipo," mama alisema. "Mitano imesimama. Mmoja umeanguka, ule uliokuwa umeinama, unaukumbuka? Umelala kuelekea mtoni na mbuzi wanapanda juu yake. Ule mrefu una kiota cha tai. Chini kuna makoma mekundu hakuna anayeyaokota."

"Hakuna anayeyaokota?"

"Hakuna. Yamejaa."

Mama mdogo alicheka kwa sauti ya msichana. Mama akaendelea. Alimpa Wenje yote, kisha njia, Hola, Bura, twiga, punda, duka la kijani, kitu kimoja kimoja kama mtu anayetoa zawadi kwenye kapu, na kapu halikwisha siku ile wala ya pili yake. Nilikaa chini na sufuria yangu. Nilifikiria kwamba kama si yule mama wa maziwa, mama angefika Bangale mikono mitupu, na angeulizwa swali lile, na asingekuwa na la kusema, kama mimi.

Tuliporudi Garsen jambo la kwanza nilikwenda nyuma ya nyumba kumwomba jirani radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Hakunipa nafasi.

"Aliona?" aliniuliza.

"Aliona."

"Basi," alisema, akanimiminia maziwa, akazidisha.

Mama alipoteza macho kabisa kabla ya likizo ya Agosti iliyofuata. Hakuogopa sana. Alimwomba mkwewe, kwa mdomo wake mwenyewe, moja kwa moja, amfungie kamba kutoka mlangoni mpaka jikoni, na mkwewe akamjibu moja kwa moja, "Nitafunga leo, mama." Nilisimama kati yao sina kazi, na sijawahi kufurahi vile kwa kukosa kazi.

Sasa yeye na mama mdogo wamelala, kila mmoja kwenye udongo wake. Gari liliisha kwa kutu, mume wangu akabaki na fremu. Mimi nami natia matone kila jioni, maana daktari aliniambia ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, na nikawahi. Mwaka jana nilikuwa naenda Hola kwa basi, nikamwomba dereva apunguze mwendo kabla ya Wenje. Abiria walinitazama nilivyosimama na kushika kioo. Mikoma imebaki mitatu. Niliihesabu kwa sauti.